Usilisugue Bakuli la Tami

Rafiki yangu aishiye Ujerumani alinitumia picha ya bakuli la mti la visiwa vya Tami, Papua New Guinea, nchi iliyo kaskazini mwa Australia, alilolipata mnadani. Jeusi, refu kama mtumbwi, ubavuni limechongwa uso wa mtu, na mistari ya nakshi imejazwa weupe. Akanieleza kwa furaha kwamba lilipofika lilikuwa na utandu wa mafuta ndani, akalisugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka likatakata. Nilikaa na simu mkononi, nikakosa la kumjibu. Kwenye picha ya pili weupe wa nakshi ulikuwa umeshaanza kubanduka.

Weupe ule ni chokaa. Huko Papua New Guinea huchoma matumbawe au makombe ya pwani, wakapata unga wa kutafunia popoo, kama wazee wetu wa Unguja na Mombasa wanavyoula na tambuu. Fundi huchukua chokaa hiyohiyo, akaipaka kwenye mikato, nakshi ikajitokeza juu ya weusi. Ukilitumbukiza bakuli kwenye maji ya moto, unaiondoa kazi ya fundi.

Mabakuli haya yanatoka visiwa vya Tami, katika Ghuba ya Huon, karibu na Finschhafen. Ni visiwa vidogo mno, ardhi ya kulima ni haba, kwa hiyo bakuli ndilo lililokuwa shamba lao. Mti wake ni kwila, mgumu na mzito. Asiyewahi kushika tezo hawezi kujua jasho lililomwagika hapo. Wafanyabiashara wa visiwa jirani vya Siassi waliyapakia katika mitumbwi mikubwa ya tanga, wakavuka mlango bahari wa Vitiaz, bakuli likabadilishwa kwa majimbi na nguruwe. Liliingia pia katika mahari. Tena angalia lilivyochongwa: ndani ni laini, urembo wote uko nje, mahali ambapo mtu aliyeketi chini huuona hata chakula kikiwa kimejaa pomoni.

Ndiyo maana napingana na wakusanyaji wanaotaka bakuli safi, la kung'aa, juu ya kibao cheupe chini ya taa. Utandu ule wa mafuta ni ushahidi wa karamu zilizoliwa humo. Bakuli lisilo na doa hata moja huenda limechongwa mahsusi kwa ajili ya mgeni, na hilo si kosa, mradi liuzwe kwa jina lake.

Jambo linaloniuma zaidi ni kukosekana kwa historia ya safari. Ujerumani ilijitwalia kaskazini mashariki mwa New Guinea mwaka 1884, miezi michache kabla ya kutangaza ulinzi wake juu ya sehemu za bara la Tanganyika, na kutoka pande zote mbili vitu vilisafirishwa kwa masanduku hadi Ulaya. Kuna kilichonunuliwa kwa haki, kuna kilichoporwa. Hori kubwa la karamu lenye umbo la mamba, kutoka visiwa vya Solomon, lilichukuliwa mwaka 1891 na manowari ya Kiingereza, Royalist, katika msafara wa kuadhibu vijiji, na leo liko katika jumba la makumbusho la Uingereza huko London. Ukilitazama bila kuijua habari hiyo, umeona mbao tu.

Papua New Guinea ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni tangu 1965. Kwa hiyo muulize muuzaji: limetoka kisiwa gani, limetoka lini, na nani alilitoa? Akianza kukusifia umri wake badala ya kujibu, ondoka. Mimi ningependa fedha ziende kwa mchongaji aliye hai, na jina lake liandikwe.

Rafiki yangu nilimpigia baadaye, nikamsihi asilipake mafuta ya fanicha wala asijaze chokaa mpya. Alikubali. Chembe zilizobanduka alizikuta chini ya beseni, akazikausha, akazitia kwenye kichupa. Kiko kando ya bakuli.