Kiti cha dola milioni 20

Ligi ya Overwatch, mashindano ya mchezo wa video wa jina hilo, ilipofungwa Novemba 2023, baada ya misimu 6, wengi walitaja sababu mbili. Uviko-19 ulivuruga safari za timu, na mchezo wenyewe ulikuwa umepoa. Zote mbili zina ukweli, lakini zinaliruka swali ambalo limekuwapo tangu michezo ya video ya kufyatua risasi, ile inayochezwa kwa jicho la mpigaji mwenyewe, ilipoanza kushindaniwa kwa fedha. Je, mwenye mchezo ajenge mashindano kutoka juu na kuuza nafasi za kudumu kwa timu chache, au mashindano yaachwe yaote kutoka chini, ili watu watano wasiojulikana waweze kuingia kwenye mchujo na kufika fainali kwa uwezo wao?

Hoja ya ligi za kufungwa si ya kubezwa, na wanaoitetea si lazima wawe wafanyabiashara wenye tamaa. Mwaka 2017, kabla mechi ya kwanza haijachezwa, kampuni ya Blizzard, inayomiliki Overwatch, ilitangaza kwamba kila mchezaji wa ligi yake atalipwa si chini ya dola 50,000 kwa mwaka, pamoja na bima ya afya na makazi wakati wa msimu. Kwa kijana wa miaka 19 aliyezoea kuahidiwa zawadi na kuzisubiri kwa miezi, hiyo ilikuwa habari kubwa. Upande wa pili, kwenye uwanja wa wazi wa Counter-Strike, mchezo mwingine wa kufyatua risasi, Januari 2015 kampuni ya Valve inayoumiliki ilikuwa imewafungia watu 7 kwa sababu ya mechi iliyouzwa Agosti 2014 na timu ya Marekani ya iBUYPOWER, ambapo faida ya kamari ililipwa kwa mapambo ya bunduki za ndani ya mchezo. Mtu asiye na mshahara hununulika kwa bei rahisi, na watetezi wa ligi za kufungwa wana haki ya kutukumbusha hilo.

Wana pia mfano mmoja mzuri ambao hawautumii vya kutosha. Shanghai Dragons, timu ya Ligi ya Overwatch, walicheza mechi 40 katika msimu wa 2018 na kupoteza zote 40. Katika ligi yenye kushuka daraja wangepotea kabisa, lakini kwa kuwa kiti chao kilikuwa cha kudumu, walipata muda wa kujijenga upya, na mwaka 2021 wakawa mabingwa. Uvumilivu wa namna hiyo ni nadra katika mchezo wowote.

Hata hivyo, ukitazama historia yote badala ya miaka sita, upande wa wazi, ambao mara nyingi huitwa vurugu na ujana, ndio ulioleta karibu kila kitu kilichodumu. Desemba 1996 John Carmack, mmoja wa waundaji wa mchezo wa Quake, alitoa QuakeWorld, toleo la Quake lililotengenezwa ili anayecheza kwa modemu ya simu aweze kushindana bila kuadhibiwa na ucheleweshaji wa mtandao. Mwaka uliofuata alitoa gari lake mwenyewe, Ferrari 328 GTS, liwe zawadi ya mashindano, na likachukuliwa na kijana aliyejulikana kwa jina la Thresh. Hapakuwa na ligi wala viti vya kuuzwa. Counter-Strike yenyewe, ambayo leo ndiyo nguzo ya michezo hii, ilianza mwaka 1999 kama kazi ya mikono ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walioijenga juu ya Half-Life, mchezo wa Valve. Le alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Valve waliinunua baadaye, ilipokwisha kuwa na watu. Hata kanuni za mashindano, za watano kwa watano na timu kubadilishana pande nusu ya mechi, zilikomaa kwenye ligi za wachezaji miaka mingi kabla ya kuingizwa ndani ya mchezo kama utaratibu rasmi.

Na kila mtu mwenye fedha alipojaribu kuamua kwa niaba ya wachezaji, matokeo yalifanana. Mwaka 2005 CPL, waandaaji wa mashindano waliokuwa wakubwa kuliko wote Marekani, waliweka dola milioni 1 kwenye ziara ya dunia ya mchezo wa Painkiller, ambao haukuwa na kundi kubwa la wachezaji wa ushindani. Fainali ya New York ilikuwa nzuri, bingwa akaondoka na dola 150,000, kisha ziara ilipokwisha wachezaji wakarudi walikotoka. Mwaka 2007 ikaja Championship Gaming Series, iliyogharimiwa na kampuni ya televisheni ya DirecTV, ikiwa na timu zenye majina ya miji, wachezaji wa mshahara na mechi zilizofupishwa ili zitoshe kwenye ratiba ya runinga. Ilichagua Counter-Strike: Source, ingawa sehemu kubwa ya magwiji wa dunia walikuwa bado wanacheza toleo la zamani. Ilifungwa mwaka 2008. Ukisoma maelezo yake leo utadhani unasoma andiko la Ligi ya Overwatch lililobadilishwa tarehe tu, jambo linalonifanya niamini kwamba waliobuni ile ya pili ama hawakuijua ya kwanza, ama walidhani kosa lake lilikuwa uchache wa fedha.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kile kiti. Iliripotiwa kwamba kila timu kati ya 12 za kwanza iliuziwa nafasi yake kwa dola milioni 20, malipo yakigawanywa kwa miaka kadhaa. Nimejaribu kuielewa tarakimu hiyo kwa kuilinganisha na kitu kinachoshikika. Mashindano makubwa ya kwanza ya Counter-Strike yaliyodhaminiwa na Valve, yaliyochezwa Sweden Novemba 2013, yalikuwa na zawadi ya dola 250,000 kwa timu zote kwa jumla, na fedha hizo zilichangwa kwa sehemu na wachezaji wa kawaida walionunua mapambo ndani ya mchezo. Bei ya kiti kimoja ingelipia mashindano 80 ya namna hiyo. Na mwenye kiti, baada ya kulipa, bado hajamlipa mchezaji hata mmoja, hajakodi jengo wala hajasafirisha mtu. Ili zirudi, fedha hizo zilihitaji watazamaji wa kiwango cha soka au mpira wa kikapu, na zilihitaji wapatikane upesi, katika mchezo uliotoka mwaka 2016 tu. Ligi ilipovunjwa, timu zilizopiga kura ya kuondoka zililipwa dola milioni 6 kila moja. Tofauti hiyo ndiyo gharama ya kununua historia ambayo ilikuwa haijatokea.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na ligi ile ilijengwa juu ya wazo hilohilo la timu ya mji. Lakini bingwa wa kwanza, London Spitfire, alikuwa na wachezaji Wakorea watupu, waliotokana na kuunganishwa kwa timu mbili za Korea Kusini, GC Busan na KongDoo Panthera. Walicheza msimu mzima Burbank, California, na kutwaa kombe Brooklyn. Mashabiki wa London waliombwa kuipenda timu ambayo hawakuilea. Ilhali GC Busan ilikuwa imetwaa ubingwa wa APEX, mashindano ya Overwatch ya kituo cha televisheni cha OGN ambayo Wakorea waliyapenda na ambayo yalikoma mwaka 2017 mpango mpya ulipokuwa ukikaribia. Mti uliokuwa na mizizi ulikatwa ili kupandwa mwingine kwenye chungu.

Linganisha na The MongolZ, timu ya Counter-Strike kutoka Mongolia. Mongolia ina watu takriban milioni 3.5, na hakuna mwekezaji ambaye angenunua kiti cha mamilioni kwa ajili ya Ulaanbaatar. (Ramani ya Ligi ya Overwatch haikuwa na mji hata mmoja wa Afrika pia, na sikumbuki mtu akishangaa.) Vijana hao walipita kwenye michujo ya Asia mwaka baada ya mwaka, na Juni 2025 wakacheza fainali ya mashindano makubwa ya Austin dhidi ya Vitality ya Ufaransa. Walishindwa, lakini hawakuhitaji ruhusa ya mtu kufika pale.

Ni haki kusema kwamba uwazi huu haujilindi wenyewe. Mwaka 2020 ESL, waandaaji wa mashindano ya Counter-Strike, walifunga makubaliano na timu 13 yaliyozipa nafasi za kudumu na mgawo wa mapato, na kwa miaka kadhaa Counter-Strike ilielekea kulekule kwenye viti, polepole. Uwazi ulirudishwa na tangazo la Valve la Agosti 2023 kwamba kuanzia 2025 mwandaaji hataruhusiwa kuwa na maslahi ya kibiashara na timu zinazoshiriki, na mialiko itafuata viwango vya ubora. Kwa hiyo mlango umeachwa wazi na mwenye nyumba, na mwenye nyumba huyo anaweza kubadili nia. Tena anaishi kwa mauzo ya yale yale mapambo yaliyofungua njia ya kamari, na ndiyo maana ana nafasi ya kuwa mkarimu. Kampuni ya Riot nao, kwa mchezo wao wa kufyatua risasi wa Valorant, walichagua njia ya kati kuanzia 2023: timu washirika zilizoteuliwa bila kulipia kiti, na mlango mwembamba wa kupanda daraja. Ni mapema kuuhukumu mpango huo, ila inatosha kuona kwamba hata waumini wa ligi za kufungwa hawakuirudia ada.

Mwaka 2024 Overwatch ilirudi na mashindano mapya, Overwatch Champions Series, yakianza kwa michujo ambayo timu yoyote ingeweza kujiandikisha. Kima cha chini cha dola 50,000 hakikurudi nayo, na hasara hiyo waliibeba wachezaji, si wale waliouza viti.