Mjeledi na Kipande cha Sabuni

Lupita Nyong'o alipotwaa Oscar mwezi Machi 2014, Nairobi ilishangilia mno. Tulizungumza kidogo sana juu ya kile alichokuwa ameigiza.

Juzi tuliitazama upya filamu yenyewe, 12 Years a Slave, kwa rafiki mmoja huku South B. Patsey, anayeigizwa na Lupita, mtumwa katika shamba la pamba la Louisiana, Marekani, ametoka bila ruhusa kwenda kuomba sabuni shamba la jirani. Epps, bwana wake, anawaka wivu. Anaamuru afungwe kwenye nguzo, anamlazimisha Solomon, mtumwa mwenzake, amchape huku mke wa Epps akichochea, kisha anaunyakua mjeledi mwenyewe.

Dada mmoja alitoka sebuleni kabla ya pigo la kwanza. Hoja yake ni nzito: mwili wa mwanamke mweusi uliofungwa nguzoni ndivyo bwana alivyotaka utazamwe, na sisi tunalipia kuutazama vivyo hivyo. Mwaka 1997 msomi wa Marekani Saidiya Hartman alikataa kunukuu masimulizi ya Frederick Douglass, mwandishi aliyewahi kuwa mtumwa, kuhusu kuchapwa kwa shangazi yake. Mateso yakirudiwarudiwa, alihofia, macho huzoea.

Ningemuunga mkono dada yule, lakini pwani yetu ya Kenya inanizuia. Kisheria utumwa huko ulikoma mwaka 1907 tu, na bado utasikia watu wakisema wa kwetu ulikuwa wa upole, eti mtumwa alikula sinia moja na bwana wake. Na nani alimuuliza suria? Sanaa ikinyamazia kipigo kila mara, uongo huo hupata pa kukaa.

Hata hivyo kuna kuonyesha kusikohitaji damu. Katika Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, tajiri Aziz ananukia manukato na kila akija humpa mtoto Yusuf sarafu ya anna kumi. Siku moja anaondoka naye kwa sababu ya deni la baba yake, na mtoto anadhani anasafiri na ami yake. Dukani anamkuta Khalil, aliyetangulia kuwekwa rehani, naye hachoki kumwambia: huyo si ami yako. Ukatili wote umejificha ndani ya neno la heshima. Kwangu hilo linatisha kuliko mjeledi, maana ukatili wa namna hiyo hauhitaji bwana apandishe sauti.

Ndiyo maana hata kwenye filamu ninayemkumbuka zaidi ni Patsey akijitetea: anachuma ratili 500 za pamba kwa siku, kuwashinda wanaume wote, na anachotaka ni kuwa safi tu. Bila maneno hayo, kipigo kinachofuata kingekuwa mgongo usio na mwenyewe.

Yule dada alirudi mjeledi uliponyamaza. Alichokikuta kwenye skrini ni sabuni ile, imeponyoka mkononi mwa Patsey, imelala mavumbini. Hapo hakugeuza uso.