Uwanja wa Olmoti tuupangie kalenda sasa hivi, AFCON itapita

Mi naishi Arusha, na kila nikipita njia ya Olmoti lazima nigeuze shingo niangalie uwanja wa AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, umefikia wapi. Uwanja wa watu 30,000 kwenye mji uliozoea uwanja wa zamani wa Sheikh Amri Abeid miaka yote, kiukweli najisikia fahari, na serikali kuweka hela pale mi naunga mkono kabisa. Ila nikisikia uwanja utaleta watalii nabaki najiuliza, utawaleta siku gani? Maana AFCON 2027 tunagawana na Kenya na Uganda, kwa hiyo Arusha tutapata mechi chache ndani ya wiki chache, halafu timu zinapanda ndege zinaondoka. Na kama itaangukia Juni hadi Agosti, huo ndo msimu wa juu wa safari, lodji nyingi zinakuwa zimeshajaa wageni wa Serengeti hata kabla mpira haujachezwa.

Sasa twende Moshi kidogo. Kilimanjaro Marathon ina zaidi ya miaka 20, kila mwaka inakuja mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na wikiendi ile kupata chumba Moshi ni kazi kweli, kuna watu wanalala Boma Ng'ombe wanaingia mjini alfajiri. Mama yangu mdogo anauza chakula kule. Mwaka jana nililala kwake, nikaamka saa tisa usiku nikamkuta ameshainjika masufuria mawili ya mtori na anamenya ndizi za sufuria la tatu kwa tochi ya simu, binti yake anachekecha unga wa uji. Kufika saa tano asubuhi, watu wanarudi na medali shingoni wamechoka hoi, mtori umekwisha. Ndizi alishaziwekea oda Kibosho tangu Januari kwa sababu tarehe anaijua, hilo ndo jambo kubwa kwangu, tarehe anaijua. Na wageni wawili waliokula pale walitoka Ujerumani, wamekimbia Jumapili, Jumanne wanaanza kupanda mlima, wakishuka wanaenda Zanzibar. Huo ndo utalii wa michezo ninaoujua mimi, na hakuna mtu aliyejenga uwanja mpya kwa ajili yake.

Rwanda nao wanafundisha kitu hapa. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufika Afrika, lakini hawakuanzia pale, walikuwa na Tour du Rwanda kila mwaka kwa miaka mingi, milima yao na lami yao ndo ilikuwa uwanja. Ukitaka kuona upande wa pili angalia Manaus kule Brazil, walijengewa uwanja wa watu zaidi ya 40,000 katikati ya msitu wa Amazon kwa Kombe la Dunia 2014, zikachezwa mechi 4 tu, na mji haukuwa na timu ya ligi kuu ya kuujaza baada ya hapo.

Sisi hatujafika huko na hatuna sababu ya kufika, mradi tuanze mapema. Januari na Februari Ulaya ni baridi kali, huku Arusha jua lipo na mji uko juu, kama mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na sehemu za juu ndo wakimbiaji wanazitafuta kujenga pumzi, kwa nini tusiwaite wanamichezo waje kupiga kambi? Iten, mji wa milimani kule Kenya, wakimbiaji wa nje wanakuja wenyewe wanakaa wiki na wiki, wanapanga vyumba, wanakula, wanalipa makocha wa palepale. Na sisi jina tunalo, Alphonce Simbu amechukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 na mazoezi yake anafanyia huku huku kwetu. Miezi ya masika ndo madereva wa safari wanakaa nyumbani bila kazi, weka mashindano ya shule na vyuo vya Afrika Mashariki pale Olmoti, mvua inanyesha sawa lakini mpira unachezeka, na wanafunzi elfu mbili wakija na wazazi wao gesti za Kwa Mrombo na Njiro zitasikia.

Jambo lingine linalonikosesha usingizi ni geti la uwanja, nani ataruhusiwa kuuza pale. Mwaka 2010 Afrika Kusini wachuuzi wengi waliondolewa kwenye maeneo ya kuzunguka viwanja ili wabaki wadhamini, watu walikuwa wamejipanga wakisubiri Kombe la Dunia halafu siku yenyewe wakafukuzwa. Hapa kwetu wapo akina mama wanaowapikia mafundi wa ule uwanja tangu ujenzi unaanza, wali maharage, ugali dagaa, kwenye vumbi na kwenye tope. Naiomba halmashauri itenge eneo lao kabisa kwenye ramani, lenye maji, choo na kivuli, mita chache kutoka getini, na iwape barua yenye muhuri. Na kalenda ya mwaka 2028 ibandikwe ukutani pale pale kabla filimbi ya kwanza ya AFCON haijapulizwa, ili na wao wajue lini waweke oda ya ndizi.