Pointi zote kwenye ngumi

Jamani, hii tabia yanikera! Katika Mutants & Masterminds, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa, shujaa wa kiwango cha 10 hupewa pointi 150 za kununulia uwezo. Zatosha kuruka, kupiga mbizi, kuokoa watu. Lakini mwenzetu mmoja mezani kwetu Kibokoni, kila mhusika wake ni ngumi tupu.

Juzi nimewaandalia kisa kizuri: feri ya Likoni imezima injini katikati ya mkondo, imejaa abiria, na meli ya makontena yaja. Nikamuuliza afanya nini. "Adui yuko wapi nimpige?" Hakuna adui, bwana! Kuna mama amebeba mtoto na maji yameshamfika magotini. Akaanza kubishana kanuni, kahawa ikapoa, wenzake wakingoja zamu.

Mara ijayo mhusika wake namkagua mimi kwanza, kabla dadu haijarushwa.