Hasira ya mlaji, mzigo wa mpishi

Jikoni kwa jirani yangu hapa Manyatta, Kisumu, kuna karatasi iliyobandikwa ukutani. Pembe zake zimeshalowa mafuta. Mumewe aliitoa kwa muuzaji mmoja wa dawa za Kihindi mjini, baada ya wazee wa ukoo kumwita na kumtaka atafute njia ya kupunguza hasira. Juu zimeorodheshwa vitu vya kuacha: pilipili, nyanya, vitunguu, achari, nyama nyekundu, samaki wa kukaanga, pombe. Chini vya kula: tango, dania, maboga, maziwa, samli, matunda matamu.

"Dada, samaki bila nyanya na kitunguu nitampikia vipi?" aliniuliza, huku akigeuza ngege kwenye karai.

Sikuwa na jibu la haraka. Nimelifikiria swali lile wiki nzima, kwa sababu kwenye karatasi ile kuna busara ya kweli, na kuna hatari pia.

Kwa Ayurveda, tiba ya kale ya Wahindi, mwili huongozwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Pitta ndiyo yenye moto. Humeng'enya chakula na kuupa mwili joto, lakini ikizidi huleta kiungulia, vipele, jasho jingi na hasira za ghafla. Vyakula vikali, vichachu na vya chumvi huichochea. Vitamu, vichungu na vyenye ukakasi huituliza. Msemaji wa Kiswahili hawezi kuona hilo kuwa geni. Sisi husema mtu damu imemchemka, na neno safura, ambalo leo ni jina la ugonjwa, limetoka kwenye neno la Kiarabu la nyongo ya manjano, iliyodhaniwa zamani kuleta hasira.

Nianze na busara yake. Mume wa jirani ni mwendesha bodaboda. Asubuhi hunywa chai ya rangi na mandazi mawili, kisha hukaa stejini Kondele juani hadi jioni bila kutia kitu tumboni. Ayurveda inasema saa nne asubuhi hadi saa nane mchana ndio wakati wa pitta: moto wa tumbo uko juu, na mlo mkubwa wa siku uliwe hapo, kivulini, kwa utulivu. Asiyekula wakati huo, moto unamgeukia mwenyewe. Weka pembeni jina la pitta, na bado jambo lenyewe linasimama. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani Brad Bushman na wenzake walifuatilia jozi 107 za wanandoa kwa siku 21. Kila usiku kila mmoja alipewa sindano 51 achome kidoli kilichomwakilisha mwenzake, kwa kadiri alivyokasirika. Waliokuwa na sukari kidogo kwenye damu jioni walichoma sindano nyingi zaidi. Njaa haimfanyi mtu kuwa mkorofi, lakini inampunguzia nguvu za kujizuia.

Usingizi ni vilevile. Ayurveda inamtaka mwenye pitta kali alale kabla ya saa nne usiku. Jaribio la mwaka 2007 lilionyesha kuwa watu waliokosa usingizi kwa takriban saa 35, sehemu ya ubongo inayopokea hofu na ghadhabu iliitikia picha za kuudhi kwa nguvu zaidi kwa kama asilimia 60. Halafu kuna pumzi. Zoezi la shitali, la kukunja ulimi kama mrija na kuvuta hewa polepole, linaonekana kama mchezo wa watoto. Lakini uchambuzi wa tafiti 154 uliotolewa mwaka 2024 ulikuta kwamba kinachoshusha hasira ni mambo yanayoutuliza mwili, kama kupumua taratibu, kutafakari na yoga. Kupiga mto ngumi au kukimbia ili "kuitoa" hasira hakukusaidia.

Na wala hatuhitaji kununua uchungu wa mimea kwenye chupa. Osuga na dek, mboga chungu za kienyeji, zinauzwa sokoni Kibuye kila asubuhi. Bibi zetu wa Kijaluo wamekuwa wakizilaza kwenye maziwa ndani ya chungu, na wana samli yao, mor alenya. Mboga chungu, maziwa, samli: mtaalamu wa Ayurveda angeitambua sahani hiyo mara moja.

Upande wa pili ndio unaonikosesha raha. Pilipili huwasha kwa sababu ina kemikali inayogusa vipokezi vile vile vya neva vinavyotambua joto. Ugunduzi wa kipokezi hicho ulimpa David Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ulimi unadhani umeungua. Kutoka hapo hadi mkono kuinuka dhidi ya mtu ni safari ndefu, na nyanya haiwezi kuifupisha. Dawa za chupa nazo zataka tahadhari kubwa. Utafiti wa mwaka 2008 ulipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu moja kati ya kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi mwilini huleta, pamoja na madhara mengine, wepesi wa kukasirika. Mtu anaweza kununua maradhi aliyotaka kuyatibu.

Hata hivyo, kubwa kwangu ni ukuta ambao karatasi ile imebandikwa. Ipo jikoni, mahali ambapo mume haingii. Tangu iletwe, akikasirika huuliza kwanza chakula kilitiwa nini. Usiku mmoja alirusha sahani ikampita mtoto karibu na sikio, na asubuhi jirani yangu akaniomba msamaha kwa ajili ya kelele za usiku, akisema pengine vitunguu vilizidi. Niliumia kumsikia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafike miaka 15. Katika nchi kama hiyo, orodha inayomfanya mpishi kuwa mdhamini wa hasira za mlaji ni kitu cha kuogopa.

Ayurveda yenyewe haikubaliani na matumizi hayo. Charaka Samhita, kitabu chake kikuu cha kale, kina sura inayotaja misukumo 13 ya mwili isiyofaa kuzuiwa, ikiwemo njaa, kiu, machozi na usingizi. Sura hiyo hiyo inataja mingine ambayo mtu mwenye akili lazima aizuie mwenyewe: tamaa, husuda, woga, na hasira imo humo. Maneno hayo anaambiwa mwenye hasira, na aliyeshika mwiko hatajwi.

Nilimwambia jirani arudishe nyanya, na nikamwandikia nambari 1195 ya msaada wa bure kwa wanaodhulumiwa nyumbani. Kuhusu mume, nilishauri karatasi ampe yeye, aende nayo stejini: ale ugali na osuga kibandani saa saba, alale mapema, ajifunze ile pumzi. Jirani aliibandua taratibu isichanike, akaisoma tena hadi mwisho. Kidole chake kikasimama kwenye neno la mwisho la orodha ya juu. Vitunguu alikuwa amekatazwa tangu siku ya kwanza. Pombe hakuna aliyekuwa ameigusa. Chupa mbili za jana zilikuwa bado chini ya meza.