Bukavu na fedha za Kahuzi-Biega: nani anaweka masharti?

Kila inaposikika mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwamba wafadhili wanafikiria kutoa ruzuku nyingine kwa ajili ya Mbuga ya Kahuzi-Biega, maoni hugawanyika kabla hata kiasi hakijatajwa. Wapo wanaofikiria mishahara ya walinzi na watalii wa kupanda Tshivanga, kituo kikuu cha mbuga, na wapo wanaowakumbuka waliofukuzwa msituni. Pande zote mbili zina hoja nzito, ingawa naona kwamba zote zinalikwepa swali linalotuhusu sisi wakaaji wa mji.

Wanaounga mkono wana historia upande wao. Mbuga iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975 hadi kufikia takriban kilomita za mraba 6,000, na UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1980. Tangu 1997 imo katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, kwa sababu ya vita, uwindaji na uchimbaji wa madini. Katika miongo hiyo ya misukosuko, fedha za nje, hasa za Ujerumani, ndizo zilizoisaidia sana ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia mbuga, kuendelea kufanya kazi. Bila hizo sioni vipi gorila wa mashariki wa nyanda za chini, ambaye porini haishi popote ila Kongo, angekuwa bado anaonekana umbali wa saa chache tu kutoka mjini kwetu.

Lakini mbuga hiyo hiyo ilianza kwa kuwatoa Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, katika ardhi ya mababu zao, bila kuwapa nyingine. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni, mapambano yakazuka, na watu wakafa. Mwaka 2022 shirika la Minority Rights Group lilitoa ripoti iliyowashutumu walinzi na askari kwa mauaji na kuchoma vijiji. Kisha mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliosema kwamba serikali ya Kongo imevunja haki za Batwa na kwamba warudishiwe ardhi yao. Baada ya hayo, mfadhili anayelipia mafunzo na vifaa vya walinzi bila kugusa suala la ardhi hawezi kudai kwamba hayuko upande wowote.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na wapinzani wa ruzuku. Baada ya 2018 miti mingi ilikatwa katika sehemu ya juu ya mbuga, na makala yake (makaa ya kupikia) hayakutumiwa na Batwa peke yao: wafanyabiashara waliyanunua, nasi tukayanunua kwao. Gunia linaloshushwa sokoni Kadutu halionyeshi lilitoka mti gani, wala hatuulizi. (Nyumbani kwangu pia hatuulizi, nikiri.) Umeme wa mto Ruzizi hukatika, na hata unapokuwepo familia nyingi hazimudu kupikia kwa umeme, kwa hiyo kutoza makala kodi mpya kungemwadhibu mama wa Bagira kabla ya kuuokoa mti hata mmoja.

Jirani zetu wa Goma wanatupa mfano, ingawa si kamili. Huko Mbuga ya Virunga ilitumia fedha za wafadhili kujenga mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, na leo umeme wake unafika mjini. Makala hayajaisha Goma, ila angalau fedha hizo zilimfikia mtu anayewasha jiko. Kwetu mjadala bado unaishia kwenye doria na vituo, na hilo halishangazi, maana mji haujawahi kuweka chochote mezani na kwa hiyo hakuna anayeuliza mji unataka nini. Mfadhili naye anaweza kuondoka wakati wowote, kama tulivyoona Marekani iliposimamisha misaada yake mingi mwanzoni mwa 2025.

Kwa hiyo ningeikubali ruzuku kwa masharti mawili yaandikwe kabla ya sahihi: mpango wa ardhi ya Batwa uliokubaliwa nao wenyewe, na sehemu ya fedha kwa ajili ya nishati ya kupikia mjini. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, hata kumjua wa kutia sahihi hiyo si jambo rahisi. Lakini kuyaandika masharti hakuhitaji kumsubiri.