Mwalimu Mkuu Akihama, Mikorosho Inabaki na Nani?

Shule anayosoma binti yangu hapa Newala ilipanda mikorosho 50. Miche ya kubebesha, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti bora, ikapandwa Januari mvua ilipokolea. Mwalimu mkuu aliyeianzisha alikuwa akiizungukia jioni, jembe begani. Mwaka wa pili akahamishwa. Kiangazi kilichofuata moto wa kuandaa mashamba ukapenya, maana hakuna aliyefyeka njia ya kuuzuia. Leo imebaki 9.

Aliyekuja baada yake simlaumu. Alikabidhiwa mihuri, madaftari, madawati na funguo. Mikorosho haikuandikwa popote.

Ndiyo maana nikisikia maendeleo endelevu nawaza jambo hilo moja: kinachobaki aliyekianzisha akishaondoka. Mkorosho wa kubebesha huanza kutoa korosho kama mwaka wa tatu, na bado huo ni mwanzo tu. Ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, miti 50 inataka ekari karibu mbili, kisha palizi na salfa kila msimu dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Kazi ya miaka mingi hivyo tunaitundika kwenye shingo ya mtu mmoja ambaye barua ya uhamisho inaweza kumfikia wiki yoyote.

Maji ndiyo yananiuma zaidi. Anayeishi juu ya uwanda wa Makonde anajua: mchanga unayameza, na ya bomba yanasukumwa kutoka bondeni Mitema. Yakikatika, watoto wanakwenda shule na madumu. Lakini tazama bati la madarasa. Paa la mita 20 kwa 8 ni mita za mraba 160. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi milimita 800 kwa mwaka zinaleta lita 128,000 juu ya jengo moja. Hata ukitoa robo nzima kwa kumwagika na kuvuja, zinabaki lita 96,000. Shule yetu ina tenki. Gata zimeng'oka upande mmoja, na majani yameziba upande wa pili. Fundi na ngazi yake wangemaliza siku moja, kabla ya mvua za Desemba, lakini hiyo kazi haina mwenyewe.

Najua fedha ni chache. Elimu bila ada ilipoanza 2016, kiwango cha ruzuku kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu ya hizo ni ya vitabu. Hapo ndipo mikorosho ingesaidia. Tunaishi kwa zao hili; kila mzazi hapa anajua mnada, anajua kupeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika na kusubiri malipo. Shule inashindwaje kuwa na shamba linaloilipia chaki na koki za bomba?

Wapo wazazi wanaokunja uso wakisikia shamba la shule, na wana haki. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua kuhusu shamba lao na waone faida ya jasho lao. Wengi wetu tulilima bila kujua mavuno yaliuzwa wapi, wengine tulilima hata mashamba ya walimu. Hilo lisirudi. Kilo zilizouzwa, bei ya mnada na kila kilichonunuliwa vibandikwe kwenye mbao za matangazo, shuleni na ofisi ya kijiji. Na isiwe sababu ya kumtoa mtoto darasani msimu wa kuokota. Utoro wa Oktoba na Novemba unatutosha.

Usimamizi ukae kwa kamati ya shule, kwa sababu wajumbe wake wengi ni wazazi wa hapa na hawahamishwi. Mmoja apewe gata na tenki kwa jina, mwingine miti na njia ya moto. Mwalimu mkuu mpya akifika, atembezwe shambani kabla ya kusaini makabidhiano.

Kwenye kikao kijacho nitaomba mikorosho yetu 9 iandikwe kwenye daftari la mali ya shule. Binti yangu ameshaihesabu upya, na mmoja, anasema, umeanza kutoa maua.